Bahasha, Konda na Simu: Jinsi Pesa za Chuo Zilivyosafiri kutoka Gusii

Nimepotea kidogo. Kazi ya kuandika programu ina tabia ya kummeza mtu akasahau hata jina lake. Sehemu ya siku hizo nilizopotea nilikuwa nyumbani, na asubuhi moja nikakaa kwenye benchi nje ya duka la wakala wa M-Pesa pale Keroka, mji ambao mguu mmoja uko Kisii na mwingine uko Nyamira. Ilikuwa wiki ya kufungua vyuo. Kwa muda wa saa nzima niliyokaa pale, karibu kila aliyeingia alikuwa mzazi anayeweka pesa. Wa kutoa walikuwa wachache mno. Ilipofika saa tano wakala akatoka nje akatangaza: "Wazazi wangu, floti imeisha. Noti ninazo tele, floti ndiyo hakuna."

Nikacheka peke yangu. M-Pesa ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, tangazo lake lilikuwa fupi: tuma pesa nyumbani. Picha iliyokuwa vichwani mwa waliobuni tangazo hilo ni ya kijana wa Nairobi anayemtumia mama yake aliye kijijini. Na mengi yaliyoandikwa baadaye kuhusu M-Pesa yanafuata picha hiyo hiyo. Si uongo. Lakini kwetu Gusii kuna mkondo mwingine unaopanda mlima kinyume na huo: pesa ya majani chai, ya ndizi, ya maziwa na ya mawe ya Tabaka inatoka shambani kwenda Njoro, Eldoret, Maseno na Nairobi, kumfuata mtoto aliye chuoni. Mkondo huu ni mzee kuliko simu, na kila kizazi kimeupitishia mfereji wake. Leo nataka tuifuate mifereji hiyo, kwa sababu kila mmoja ulikuwa mfumo wa mawasiliano kwa namna yake, na kila mmoja ulivuja mahali pake.

Tuanze na Posta. Wazungu walifungua kituo cha utawala Kisii mwaka 1907, na shule ya serikali ambayo leo tunaiita Kisii School ilianza mwaka 1934. Kijana aliyetaka kuendelea zaidi ya hapo alilazimika kwenda mbali, na kwa wachache waliofika kileleni, mbali kulimaanisha Makerere, nchi nyingine kabisa. Hata hivyo kumtumia pesa mtoto aliye Kampala kulikuwa rahisi kuliko unavyodhani. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la posta na shilingi moja. Mzazi angeweza kununua posta oda Kisii mjini, akaitia kwenye bahasha, na mtoto akaibadilisha kwa noti Kampala. Kenya ilipata shilingi yake mwaka 1966, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 hata shirika la pamoja la posta na simu likafa nayo. Ndipo likaja shirika la Kenya peke yake, ambalo nalo lilikatwa vipande mwaka 1999 tukabaki na Posta upande huu na Telkom upande ule.

Posta oda ilikuwa ya viwango maalumu, kama noti. Mani oda ndiyo inayomvutia mtu wa kompyuta. Sikiliza jinsi ilivyofanya kazi. Mzazi anajaza fomu: kiasi, jina la mpokeaji, ofisi ya kulipia. Anatoa pesa pamoja na ada. Karani anaandika hati na kumpa mzazi, naye anaituma kwa barua. Wakati huo huo karani anatuma taarifa nyingine kimyakimya, ofisi kwa ofisi, kueleza kwamba hati fulani ya kiasi fulani inakuja. Mtoto akifika dirishani Njoro na hati yake na kitambulisho chake, karani wa Njoro hamlipi mpaka aone ile taarifa. Vitu viwili, vilivyosafiri kwa njia mbili, lazima vikutane na vifanane. Mwizi wa barua akiiba hati, bado ana kazi. Leo tukiweka nambari ya siri pamoja na msimbo unaokuja kwa arafa, tunajisifu kwamba tumegundua usalama. Makarani wa Posta walikuwa nao kwa wino.

Ubaya wake ni uleule wa mfumo wowote unaongoja vitu viwili. Mara nyingi hati ilitangulia na taarifa ikachelewa. Hapo utamwona mwanafunzi anakwenda dirishani Jumatatu, anaambiwa arudi Jumatano, Jumatano anaambiwa Ijumaa, na mfukoni ana karatasi inayosema yeye ni tajiri wa shilingi mia nne. Kwa wenye haraka kulikuwa na mani oda ya simu, ambapo taarifa ilipelekwa kwa waya. Iligharimu zaidi, kwa hiyo mzazi aliitumia pale tu mambo yalipokuwa yameharibika tayari.

Lakini usidhani kila mzazi wa zamani alikuwa kwenye foleni ya Posta. Kwa muda mrefu mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa na pesa kuliko baba yake. Serikali ilimpa mkopo na posho ambayo wanafunzi waliiita "boom", na wako wazee leo huko Gusii waliosomeshwa sekondari na boom ya kaka zao. Kwa hiyo miaka ile mkondo ulielekea nyumbani kweli. Mwaka 1991 serikali ikaleta mpango wa kuchangia gharama. Mwanafunzi akaanza kulipa karo na kununua chakula chake mwenyewe, vyuo vikachafuka kwa migomo, na mwaka 1995 ikaundwa HELB kusimamia mikopo. Kisha mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanaojilipia wenyewe, na vyuo vingine vikafuata. Hapo ndipo mkondo ulipogeuka na kuanza kupanda mlima kwa nguvu.

Mzazi wa Gusii anapata pesa lini? Mkulima wa chai anayepeleka majani kwenye viwanda vya KTDA kama Kebirigo, Nyansiongo au Nyamache anapata malipo madogo ya kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba. Vyuo vingi hufungua Septemba. Ona huo mwezi mmoja katikati. Umeuza ng'ombe wangapi, huo mwezi! Aliyekuwa na pareto ndiye aliyeumia zaidi, maana malipo ya pareto yalichelewa hadi watu wakaing'oa. Sacco za wakulima na za walimu zilikua kwa kujaza pengo hilo, na penye pengo kubwa zaidi ilifanywa harambee: viti vya kukodi, soda, mwenyekiti anataja majina ya waliotoa na ya wasiotoa.

Karo yenyewe, ile kubwa, ilikwenda kwa benki. Mzazi alinunua hundi ya benki mjini Kisii na mtoto akaibeba mwenyewe siku ya kufungua. Pesa za matumizi ndizo zilizokuwa kitendawili, kwa sababu zilikuwa ndogo na za mara kwa mara. Utafungua akaunti ya benki ya nini ili kutuma shilingi mia nane? Mwaka 2006, utafiti wa taifa kuhusu huduma za fedha ulionyesha kwamba ni kama mtu mzima mmoja kati ya watano tu aliyekuwa na huduma ya benki. Miongoni mwa waliotuma pesa, zaidi ya nusu walizipeleka kwa mkono wa ndugu au rafiki, na kama robo walitumia mabasi na matatu. Posta ilikuwa na robo yake pia.

Mimi nilikuwa katika hiyo robo ya mabasi.

Mwaka 2003 nilikuwa chuoni Nairobi. Hapa lazima nieleze jambo la lugha, la sivyo utachanganyikiwa: katika Ekegusii, "baba" ni mama. Baba mzazi ni "tata". Nilipowaambia wenzangu hosteli kwamba baba ameniletea pesa, walidhani nina mzee mkarimu sana. Ni mama. Mama aliuza ndizi Daraja Mbili, lile soko kubwa la Kisii, na siku za soko zikimwendea vizuri aliweka noti ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akapitisha uzi, akaipeleka steji jioni. Halafu aliomba simu ya jirani anipigie. Ilikuwa simu ya sekunde chache maana kila sekunde ilihesabiwa: jina la basi, namba ya gari, jina la konda. Basi. Gari lilisafiri usiku, nami saa kumi na moja alfajiri nilikuwa stendi ya mabasi ya mashambani Nairobi, mikono mfukoni, nikisoma namba za magari gizani.

Wengine walificha pesa. Katikati ya unga wa wimbi. Ndani ya mkate uliotobolewa kwa ustadi. Mwenzangu mmoja kutoka Nyamira alikuwa akipokea mkungu wa ndizi, na ilimbidi auchambue wote kabla hajampa mtu hata moja.

Bahasha ya mama ilikuwa na barua pia. Mama hakuandika mwenyewe, alimwambia mdogo wangu wa darasa la sita aandike, na mdogo wangu aliandika kila kitu kama alivyoambiwa pamoja na vikohozi. Barua ilikuwa bajeti. Mia tano ni ya chakula, mia mbili ni ya kiatu, tazama kile ulichokuja nacho kimefunguka mdomo. Hamsini mpe mtoto wa shangazi yako mkikutana. Usikope. Kisha jumla chini, imepigiwa mstari. Bila kujua, mama alikuwa anatuma pesa pamoja na hesabu ya kuthibitishia, maana mwizi akitoa noti moja, jumla inakataa.

Na siku moja ilikataa. Barua ilisema elfu mbili, bahasha ilikuwa na elfu moja na mia tano. Uzi ulikuwa palepale, gundi palepale. Konda aliapa kwa Mungu na kwa mama yake. Sitataja kampuni, na sidhani konda yule yupo barabarani tena. Zile mia tano zilikuwa salio la ada ya mtihani, na bila ada hakuna kadi ya kuingilia chumba cha mtihani. Nilikopa, jambo ambalo barua ilikataza waziwazi. Lililoniuma zaidi lilikuwa simu ya kumuuliza mama, "Ulituma ngapi?" Kwa sababu swali hilo, hata ulipambe vipi, lina swali jingine ndani yake, na kwake yeye pia: labda mwanangu ndiye anayenidanganya. Ujue wako watoto waliodanganya kweli. Kula karo ni neno ambalo kila mzazi wa Gusii alilijua. Mfumo usiotoa risiti unawafanya watu wawili wanaopendana watazamane kwa pembe ya jicho.

Mwaka 2005 Safaricom ikaleta Sambaza, ambapo mtu angeweza kumhamishia mwenzake muda wa maongezi. Iliundwa kwa ajili ya kupiga simu. Watu wakaigeuza kuwa pesa. Mzazi ananunua kadi ya kukwaruza Kisii, anasambaza, mtoto anawauzia wenzake hosteli kwa bei pungufu kidogo na kupata noti. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kilifika papo hapo na kilifika kamili.

Ya M-Pesa mengi mnayajua, kwa hiyo nitapita haraka. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliianzisha kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza, programu ikaandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na majaribio yakaanza Oktoba 2005 na wateja wa mikopo wa Faulu. Lengo lilikuwa kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliopewa majaribio wakaanza kutumiana pesa kwa mambo yao wenyewe, na waanzilishi, kwa sifa yao, wakawa na akili ya kutazama. Kiufundi, menyu iliwekwa ndani ya kadi ya simu yenyewe, na ndiyo maana ilifanya kazi kwenye mulika mwizi ya mama sawasawa na kwenye simu ya waziri.

Bei ya mwanzo ilikuwa shilingi 30 kumtumia aliyesajiliwa, na shilingi 25 kutoa kiasi kisichozidi 2,500. Jumla 55. Hesabu hiyo mama aliielewa mara moja, maana konda wa kawaida alihitaji "chai" na konda wa aina ile nyingine alijichukulia mwenyewe. Siku ya kwanza alimtajia wakala nambari yake ya siri kwa sauti, duka zima likasikia. Tukarekebisha.

Kisha ukaja Januari 2008. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa nchi iliwaka, na mpaka wa Borabu na Sotik ulikuwa mojawapo ya mahali palipoungua. Magari ya Kisii hayakupita Sotik, na njia ya Kericho haikuwa salama kwa Mkisii. Watoto wengi walikuwa nyumbani kwa likizo, lakini si wote. Binamu yangu alikuwa Nakuru kwa mafunzo ya kazini, amejifungia chumbani na wenzake watatu. Bahasha haikuweza kumfikia kwa njia yoyote duniani. Mama alimtumia elfu moja kwa simu. Mawakala wengi walikuwa wamefunga, kwa hiyo pesa ilikaa ndani ya simu siku mbili, akanunulia muda wa maongezi, akawagawia wenzake nao wakawapigia watu wao. Kabla ya hapo mama alikuwa akisema M-Pesa ni ya wavivu wa kwenda steji. Sikumsikia akisema hivyo tena.

Baadaye ikaja Paybill, na karo yenyewe ikaacha kupitia mikononi mwa mtoto. Mzazi analipa moja kwa moja kwa chuo, anaweka nambari ya usajili ya mtoto kama akaunti, anapata arafa. Kula karo kukawa kugumu. Hapo nami nikaingia kazini. Niliombwa na chuo kimoja cha kwetu, sikitaji, kiunganishe malipo hayo na daftari la wahasibu. Mara ya kwanza nilifunga simu kwenye kompyuta kwa waya, nikaweka Gammu juu ya Linux, na programu yangu ikawa inasoma arafa moja moja kama mtoto anayefundishwa kusoma. Simu ilipojaa arafa, chuo kilidhani wazazi wameacha kulipa.

Tatizo la pili lilikuwa nambari za usajili. Zilikuwa na mikwaju: herufi, mkwaju, tarakimu, mkwaju, mwaka. Mzazi mwenye mulika mwizi atautoa wapi mkwaju? Wengine waliandika jina la mtoto, wengine jina lao, na mmoja aliandika "karo". Kila jioni nilikuwa na orodha ya pesa yatima. Karani wa uhasibu aliwapigia simu mmoja mmoja, "Mama, ulilipia nani?" na wengine walikata simu wakidhani ni tapeli. Hawakukosea kuogopa. Kuna matapeli wanaowapigia wazazi wakijifanya mwalimu au daktari, mtoto wako ameanguka, tuma pesa ya upasuaji haraka. Hofu ileile ya mzazi inayotuma pesa usiku ndiyo wanayoivizia.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua lango rasmi la wandishi wa programu, ikaliita Daraja, na nikatupa waya wangu. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2021 likaitwa Daraja 2.0, yaani Daraja Mbili. Wenzangu wa Nairobi hawakuelewa kwa nini Wakisii wote chumbani tulicheka.

Gharama nazo hazikukaa kimya. Serikali iliweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za kutuma pesa mwaka 2013, ukawa 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Machi 2020, kwa sababu ya korona, kutuma hadi shilingi 1,000 kulifanywa bure mpaka mwisho wa mwaka. Wazazi wangefurahi sana, ila vyuo vilikuwa vimefungwa na watoto wote wako nyumbani wanakula ugali wa papo hapo.

Turudi Keroka. Sababu ya wakala kuishiwa floti ni hiyo: wazazi wote wanaweka, hakuna anayetoa, kwa hiyo droo yake inajaa noti na simu yake inakauka. Nenda upande wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichokuwa chuo cha walimu mwaka 1965, kikawa tawi la Egerton mwaka 1994, na kupata hati yake mwaka 2013. Huko mawakala wa karibu na geti wana tatizo lililogeuzwa: wanafunzi kutoka kila pembe wanatoa pesa za wazazi wao, floti imejaa na noti zimekwisha. Kwa hiyo noti bado zinasafiri. Yule wakala wa Keroka alizifunga kwenye mfuko wa karatasi, akampa kijana wa bodaboda apeleke benki. Nilimtazama yule kijana akiwasha pikipiki nikamkumbuka konda.

Floti iliporudi, bibi mmoja aliyekaa karibu nami alinipa simu yake. "Mwanangu, niandikie. Macho." Nikaandika nambari, nikaandika 1,500, nikamrudishia aweke nambari yake ya siri huku nikitazama barabarani. Kabla hajabonyeza akaniuliza pa kuandika maneno ni wapi. Nikamwambia kwenye menyu hii hakuna pa maneno, bibi, ni pesa tu. Akaniangalia kama niliyemuuzia kikombe bila mkono. Akabonyeza. Kisha akampigia mjukuu wake hapohapo, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara: mia nane ni ya chakula, mia tano ni ya kitabu kile, mia mbili weka.